Chupa ya Kufunga Mechi

Siku Kipenga alipokataa chupa, mkewe alikuwa ameinamia friji akipanga bia za baridi mbele na za moto nyuma, na kilichomfanya ainue kichwa si kelele, ni kimya. Kwenye kibanda chake cha vinywaji, pale kando ya uwanja wa mpira, hakukuwahi kuwa na kimya baada ya mechi. Watu walibishana, walizodoana, walirudia bao lile lile kwa kupanga vizibo juu ya meza. Sasa wote walikuwa wanamtazama mumewe, na mumewe alikuwa anaitazama chupa.

"Asante," Kipenga alisema. "Mimi nileteeni soda."

Ligi yao ndogo ilikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa popote na haukuvunjwa na mtu. Mechi ikiisha, makocha wawili wanakaa meza moja, refa katikati. Aliyefungwa ananunua chupa ya kwanza. Refa anapiga funda, makocha wanafuata, na hapo mechi imefungwa: hakuna rufaa, hakuna kinyongo, penalti ya utata imeshazikwa. Kipenga ndiye aliyechezesha mechi nyingi kuliko refa mwingine yeyote, kwa hiyo mechi zilifungwa kwa mkewe. Makocha na marefa walimwita huyo mwanamke Shemeji, na Shemeji alijenga chumba cha tatu nyumbani kwa faida ya meza ile.

Kocha wa timu ya gereji, aliyekuwa amefungwa siku hiyo, akaisogeza chupa tena.

"Kipenga, hii nimeinunua mimi niliyefungwa. Ukiikataa unaniambia nini?"

"Nakwambia nina kiu ya soda."

"Wale wamekupa nini?"

"Wamenipa jasho, kama ninyi."

Hakuna aliyecheka. Kocha akaondoka na vijana wake, wakavuka barabara, wakaingia baa ya upande wa pili. Chupa ilibaki mezani imejaa mpaka povu likaisha. Shemeji akaimwaga nyuma ya kibanda kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya bia.

Nyumbani alimsubiri mumewe avue viatu.

"Umeacha lini?"

"Leo."

"Na umeona uniambie mbele ya wateja."

"Nimewaambia wao. Wewe unajua kwa nini."

Ni kweli alijua. Mwanzoni mwa msimu marefa wote hukimbizwa kuzunguka uwanja, ili kupimwa pumzi, na safari hii Kipenga alikatika njiani. Alitapika kwenye kibendera cha kona, amepiga magoti, mbele ya vijana anaowaonyesha kadi kila wiki. Mmoja alimwonyesha kadi nyekundu kwa leso ya mama yake. Wakampa nafasi ya marudio kabla ya mwisho wa msimu. Akishindwa, anarudisha beji ya urefa. Kisha akaenda zahanati. Daktari akamwambia ini limevimba na presha iko juu, na kwamba akipenda kuendelea na chupa aendelee, ila asije kupanga foleni pale akimtafutia daktari lawama.

Na mikono. Siku za kazi Kipenga alikuwa fundi wa vioo, na fundi wa vioo anayetetemeka asubuhi mpaka apate kidogo cha kumtuliza, huyo anajitafutia balaa. Shemeji ndiye aliyekuwa akimfunga vitambaa vidole vyake. Aliyajua yote hayo, na bado moyo ulimchoma.

"Kwa hiyo mimi nile nini?" akauliza.

"Uza. Nimeacha mimi, hawajaacha wao."

"Wanakuja kwa sababu yako."

Kipenga akaenda kuoga.

*

Alfajiri akaanza kukimbia. Mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi nao, alitoa kiti mlangoni akamwona akipita, tumbo mbele, kaptula ya zamani ikimbana.

"Anakimbizwa na nani?" akamuuliza mkwewe.

"Hakimbizwi, mama. Anafanya mazoezi."

"Baba yake naye alikuwa anakimbia. Ila yeye ilikuwa usiku, na mwenye baa nyuma yake." Akakaa. "Mwache akimbie. Yule mkimbiaji wa kwanza nilimzika mimi. Huyu sitaki kumzika."

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Kipenga alitoka jasho kitandani, akawa mkali kama pilipili, akamgombeza kila mtu, akamgombeza hata paka wa jirani. Alikula sukari kwa kijiko. Lakini hakugusa. Alipita mbele ya baa ya ng'ambo akikimbia, na walevi wa asubuhi wakatoka kumpigia filimbi za mdomo. "Refa! Umeotea!" Aliwapungia mkono akaendelea. Shemeji alipomwona hivyo mara ya kwanza, alihisi kitu kama fahari, akakimeza haraka, kwa sababu fahari haijazi friji.

Friji ilikuwa kesi nyingine. Wateja walipukutika. Timu ikifungwa haikutaka kukaa na refa anayekunywa soda. Walisema mechi haijafungwa, na mechi ambayo haijafungwa inakatiwa rufaa. Penalti ambazo zamani zingeishia kwenye kicheko sasa zilipelekwa kwa mwenyekiti wa ligi. Wakamzushia Kipenga kwamba amenunuliwa, na amepewa masharti asilewe asije akaropoka. Wengine walisema ni ugonjwa. Wengine walimuuliza Shemeji, mbele za watu, kama mumewe ana mimba.

"Ingekuwa mimba ningejua," Shemeji aliwajibu. "Lipa bia yako."

Msambazaji wa bia alikuja na gari lake akakuta kreti zile zile, zimejaa, pale pale alipoziacha. Alimtazama kwa huruma, na kwa Shemeji huruma ya yule mtu ilikuwa mbaya kuliko tusi. Miaka yote ndiye aliyekuwa akimtania kwamba mama huyu atamaliza bia ya kiwanda kizima.

*

Mwenyekiti wa ligi alikuja mchana, wakati kibandani hakuna mtu. Alikuwa mtu mnene mwenye maneno laini, rafiki wa Kipenga tangu hawajaoa. Alivuta kiti cha plastiki akakikalia kwa tahadhari.

"Shemeji, kibanda kimepoa."

"Kinachopoa ni friji, Mwenyekiti. Kibanda kimekufa."

"Ndiyo nimekuja kwa hilo. Mimi rufaa zimenifika hapa." Akajigusa shingo. "Watu wazima wanakuja nyumbani kwangu kunionyesha kwa vidole mpira ulipogonga mkono. Na yote haya kisa funda moja tu la bia."

"Kamwambie mwenyewe."

"Nimemwambia. Kichwa chake kigumu, unamjua." Akatoa mfukoni kichupa kidogo cha pombe kali, ile nyeupe isiyo na rangi, akakiweka juu ya kaunta na kukifunika kwa kitambaa chake Shemeji cha kufutia meza. "Kesho kutwa gereji wanacheza na timu ya sokoni. Makocha wote wawili nimewaita waje kukaa hapa kwako, kama zamani. Wewe mtilie kidogo kwenye soda. Akishakunywa mbele yao nitawaambia kimya kimya, refa amekunywa, mechi imefungwa. Basi. Hatumuibii, hatumuui."

"Siku inayofuata ana marudio ya mbio."

"Ah, ni kweli," Mwenyekiti akasema, kama aliyekumbushwa mwavuli aliousahau. "Kifuniko kimoja, Shemeji. Mtu mzima yule. Alikuwa anamaliza kreti na asubuhi anakata vioo."

"Anajikata, vioo anavikosa."

Mwenyekiti akacheka, akainuka. Kichupa hakukichukua. Na Shemeji, tuseme ukweli, hakumkimbilia kumrudishia. Alikitazama pale chini ya kitambaa, akaondoka kwenda kufagia mahali palipokuwa safi.

*

Gereji walifungwa tena, na tena kwa penalti, na aliyeitoa ni Kipenga. Mpira ulipigwa kiganja waziwazi, hata kuku aliyekuwa akipita aliona, lakini kocha wa gereji alipiga kofia chini akaikanyaga.

Hata hivyo walikuja, wote. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi viti havikutosha. Wachezaji walikaa juu ya kreti, na kila kreti iliyokaliwa ilikuwa tupu. Shemeji alifungua chupa mpaka kiganja kikauma. Mtu alimtania kama zamani, mtu mwingine alisema hapa ndipo nyumbani. Akajikuta anacheka. Alikuwa amesahau jinsi kazi yake inavyopendeza inapokwenda.

"Haya, Shemeji," Mwenyekiti akasema kutoka mezani, bila kumtazama usoni, "mletee refa wetu soda yake. Leo tumemkubali alivyo."

Akaenda nyuma ya friji. Kichupa kilikuwa mfukoni mwa aproni. Alijisemea mambo mengi kwa muda mfupi. Kwamba kidogo hakitamdhuru. Kwamba yeye ndiye aliyembeba mlevi miaka yote, akamvua viatu, akamfutia matapishi, na hakuna aliyemuuliza kama amechoka. Na mtu huyo huyo ameamua kuacha, bado hakuna aliyemuuliza. Alikusudia kifuniko kimoja. Mkono haukupima, ukamwaga karibu kichupa kizima, kisha akajaza soda juu yake.

Kila siku alikuwa anampelekea Kipenga chupa na glasi tupu. Leo alipeleka glasi iliyokwisha kumiminwa. Mumewe hakushangaa. Alikuwa amechoka, vumbi limemganda kwenye nyusi, ameketi katikati ya watu wawili ambao mmoja alikuwa anamchukia.

"Na kama tumekutilia kitu?" kocha wa gereji akasema. Yeye hakujua lolote; alikuwa anachokoza tu.

"Ungenipa wewe ningeinusa kwanza," Kipenga akajibu. "Hii imetoka mkononi mwa mke wangu. Huyu amenibeba nimelewa chakari miaka mingapi sijui, gizani, kwenye matope, na hajaniangusha hata siku moja."

Akainua glasi.

Shemeji hakukumbuka baadaye kama alifikiri chochote. Aliona tu mkono wake mwenyewe umeikamata ile glasi na kuitoa mdomoni mwa mumewe, ikamwagika kidogo kwenye beji. Akaipeleka kinywani mwake. Miaka yote ya kuuza hakuwahi kuonja hata povu; alikuwa akisema anayeuza moto haingizi mkono. Aliinywa yote, amesimama, macho wazi, koo likiwaka moto mpaka kifuani. Machozi yakamtoka. Akakohoa kama aliyemeza mwiba, na harufu ile, ambayo hakuna mtu mezani pale asiyeijua, ikawafikia wote.

Kimya kikawa kile kile cha siku ya kwanza.

"Mechi imefungwa," Shemeji akasema. Sauti ilikuwa imekwaruzwa. "Nimeifunga mimi. Mwenye rufaa aje kwangu."

Akaingiza mkono kwenye aproni, akakiweka kile kichupa mbele ya Mwenyekiti, kwa adabu, kama anavyomwekea mteja chenji.

"Na hiki chako ulikisahau."

*

Njiani kichwa kilianza kumzunguka. Barabara anayoijua kwa kila shimo lake ilimwinukia ghafla, akapepesuka, na Kipenga akamshika kiwiko. Alimshika vizuri, kwa nguvu, lakini kama mtu anayeshika mzigo wa mwenzake. Walipokaribia nyumbani akauliza.

"Ulitia wewe?"

"Nilitia mimi."

"Ulijua kesho nakimbia."

"Nilijua."

Mama yake Kipenga alikuwa mlangoni. Aliwatazama wakija, mwanawe ameshikilia, mkwe ananing'inia, akatikisa kichwa.

"Leo mmebadilishana zamu?"

Ndani, Kipenga akamvua mkewe viatu, akamwekea ndoo karibu na kitanda. Kisha akaenda kwenye mtungi akajitekea maji. Shemeji alimwona kupitia mlangoni. Kabla ya kunywa, mumewe alisogeza kikombe puani akanusa. Maji ya nyumbani kwake.

Hilo ndilo lililomuumiza. Alijikaza akaketi.

"Nimekosa," akasema. "Nimekosa, na sitafuti njia ya kutokea. Lakini na mimi unisikie. Ulipoanza kunywa hukuniuliza. Ulipoacha hukuniuliza. Kibanda ni changu, nimekijenga kwa mikono hii, na wewe ulikifunga kwa neno moja ukarudi kuoga."

"Ningekuuliza ungesema nini?"

"Ningesema acha."

"Sasa tofauti iko wapi?"

"Ningekuwa nimesema na mimi."

Kipenga akakiweka kikombe, akazima taa, akaenda kulala chumba cha mama yake, sakafuni.

*

Asubuhi alikuwa ameshaondoka. Shemeji aliamka kichwa kikimgonga kana kwamba fundi wa bati yumo ndani, ulimi mkavu kama gunia, na akaelewa kwa mara ya kwanza kitu ambacho wateja wake walikuwa wakimweleza kila Jumatatu. Alitapika. Akanawa uso. Akafunga kilemba.

"Lala," mama mkwe akamwambia.

"Sina muda wa kulala."

Alibeba meza peke yake kutoka kibandani mpaka pembeni mwa mstari wa uwanja, akarudi kuchukua kreti moja ya soda na glasi. Jua lilimpiga machoni. Marefa walioitwa kwenye marudio walikuwa wanajinyoosha, vijana wengi, na katikati yao mumewe, mvi zikionekana. Watu walikuwa wamejaa kuliko wanavyojaa kwenye mechi. Habari za jana zilikuwa zimeshavuka barabara na kurudi.

"Shemeji, bia hakuna?" mmoja akauliza.

"Bia jioni. Na sikilizeni, niseme mara moja, maana kichwa kinaniuma. Kwangu mechi itafungwa kwa kile refa anachokunywa. Akitaka soda, soda. Akitaka maji ya bomba, maji ya bomba. Asiyependa, baa ile pale, avuke."

Aliongea kwa sauti Mwenyekiti asikie. Mwenyekiti alijitia kukagua kamba za wavu wa goli.

Mshika saa alikuwa mgeni, kaletwa kutoka ligi nyingine. Akapuliza filimbi. Wakaondoka.

Kipenga alibaki nyuma tangu mwanzo. Hakushindana na vijana. Alikwenda mwendo wake wa alfajiri, mabega chini, kama mtu anayefuata kitu chake alichokiacha mbali. Vijana walimpita, wakaja kumpita tena. Shemeji alishika ukingo wa meza. Mumewe akafika kwenye kibendera cha kona, kile alichotapikia. Mara ya kwanza alipita. Mara ya pili alipita. Baadaye hatua zikafupika, akashika ubavu, na mtu nyuma akasema amekwisha huyo.

"Kimbia, mzee!" Alikuwa kocha wa gereji, kofia yake iliyokanyagwa imerudi kichwani. "Ukifukuzwa wewe, mimi nitamlaumu nani?"

Uwanja mzima ukacheka, na Kipenga, mdomo wazi, jasho likimwingia machoni, akacheka pia, na kicheko kilimpa pumzi mahali ambapo pumzi zilikuwa zimekwisha. Akakipita kibendera. Mwisho alikuwa hakimbii tena, alikuwa anaanguka mbele na kujidaka, anaanguka na kujidaka, na alivuka mstari huku mshika saa ameshaweka filimbi mdomoni. Mgeni yule akatazama saa, akamtazama yeye.

"Ndani ya muda," akasema.

Kipenga alikaa chini palepale. Goti lilikuwa limevimba. Mwenyekiti akamfikia wa kwanza, mikono imefunguka, na chupa ya bia ya baridi kabisa aliyoitoa ng'ambo.

"Rafiki yangu! Yaliyopita yamepita. Leo hata wewe huwezi kukataa."

Kipenga aliipokea. Akaigeuza mkononi, akaona ilivyo na baridi, akailaza juu ya goti na kuibana hapo, macho amefumba. Alikaa nayo hivyo mpaka baridi ilipomwingia vizuri. Kisha akamrudishia mwenyewe, kizibo hakijaguswa.

"Asante sana. Imenisaidia."

Akainuka akichechemea mpaka kwenye meza ya mkewe. Hawakuwa wamesemeshana tangu jana. Akageuka akampa mgongo, akainama kufungua kamba za viatu.

"Nipe soda."

Shemeji akamsogezea chupa na kifungulio. "Hii hapa. Fungua mwenyewe."

"Mikono imechoka. Fungua wewe. Mimina."

Akafungua. Mdomo wa chupa ukagonga glasi mara mbili, na mumewe hakugeuka kuangalia. Alikuwa bado ameinama, anahangaika na fundo la kiatu. Alipomaliza akanyoosha mkono nyuma, akaipokea glasi, hakuinusa, akainywa yote kwa mkupuo mmoja mbele ya watu wote.

Akamrudishia.

"Ongeza," akasema.